Mita 698 za Mtera na kina cha Rufiji: ramani za bahari zinasomwaje?

Mvua za Dodoma zikishakolea, taarifa za habari haziachi kulitaja bwawa la Mtera. Tunaambiwa maji yamefika mita 696 au 697 juu ya usawa wa bahari, na kwamba bwawa hujaa kabisa likigonga 698.5. Vijiweni huzuka ubishi uleule: bwawa lenye kina cha karibu mita 700 linakaukaje hadi umeme uanze kukatika?

Halina kina hicho. Mita 698.5 ni kimo cha uso wa maji ukihesabu kutoka usawa wa Bahari ya Hindi, na sehemu kubwa ya kimo hicho ni nchi kavu iliyolala chini ya bwawa. Kiwango cha chini kinachokubalika kuendeshea mitambo ni mita 690. Kwa hiyo maji yote ambayo watu wa umeme wanayapigia hesabu yamo kwenye mita 8 na nusu za juu. Ukilijua hilo, habari za Mtera kupungukiwa hazikushangazi tena.

Nimeanza na Mtera kwa sababu ndiyo namba tunayoisikia hapa nyumbani, lakini mkanganyiko huohuo ndio unaovuruga mazungumzo kuhusu mdomo wa mto Rufiji. Tangu mafuriko ya Aprili 2024 yaliyozamisha mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti, watu wanabishana: mto umebadili njia au haujabadili, milango yake imejaa mchanga au haijajaa, Bwawa la Julius Nyerere lililojengwa juu ya mto huo limehusika au limesingiziwa. Mtu anatoa ramani ya zamani, anaiweka kando ya picha ya satelaiti, anasema ushahidi huu hapa. Mara nyingi ramani haisemi anachodhani inasema. Namba ya kina haina maana mpaka ujue imehesabiwa kutoka wapi na imepimwa mwaka gani.

Nasi wa Dodoma, tulio mamia ya kilomita kutoka pwani, hatuko nje ya jambo hili. Sehemu ya mchanga uliojenga midomo ya mito ya pwani imetoka kwenye makorongo yetu.

Namba ndogo ndogo juu ya maji

Ramani ya nchi kavu inaonyesha vitu ambavyo ukifika utaviona kwa macho: kilima, barabara, kijiji. Ramani ya bahari inamwonyesha nahodha asichoweza kukiona: maji yana kina gani, chini kuna mchanga au mwamba, fungu la mchanga limejificha wapi, na ni alama zipi za pwani azishike ili apite salama. Ukiikunjua utaona namba ndogo ndogo zimetapakaa kote kwenye maji. Kila namba ni mahali ambapo mtu alisimamisha chombo akapima. Kati ya namba na namba hakuna aliyepima. Mistari inayozunguka namba hizo na kuzifanya zionekane kama bonde au mwinuko ni makadirio ya mchoraji, makadirio ya mtu mwenye ujuzi, lakini makadirio.

Kwenye ramani za zamani za Waingereza kina kiliandikwa kwa pima, na pima moja ni mita 1.83. Ramani za sasa hutumia mita. Anayechukua namba 5 ya mita akaisoma kama pima 5 anajiaminisha kuwa ana mita 9 za maji chini yake, kumbe anazo 5. Kipimo kilichotumika huandikwa chini ya jina la ramani, na ndicho kitu cha kwanza nahodha makini anachokitafuta.

Cha pili ni sifuri. Bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kwenye pwani yetu, wakati wa bamvua (siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida), tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa inazidi mita 3. Sasa mpimaji aliyepima saa sita mchana ataandika namba gani, na aliyepima mahali palepale jioni ataandika ipi? Wachora ramani walilimaliza hili kwa kukubaliana kuanzia usawa wa chini kabisa, ule ambao bahari ni nadra sana kushuka zaidi yake. Kila kipimo hurekebishwa kulingana na hali ya maji ya saa ile, ndipo kikaandikwa. Kwa hiyo namba 2 kwenye mlango wa mto inamwambia nahodha kwamba hata maji yakipwa vibaya atakuta mita 2. Akija wakati wa bamvua maji yamejaa, anaweza kukuta 5.

Ramani za nchi kavu haziutumii usawa huo. Zinaanzia wastani wa bahari, katikati ya kupwa na kujaa, na huko ndiko zinakotoka mita 698.5 za Mtera. Ukimpima mtoto aliyesimama juu ya kigoda, ukianzia sakafuni utapata kimo kimoja, ukianzia juu ya kigoda utapata kingine, na mtoto ni yuleyule. Anayechukua namba ya ramani ya bahari na namba ya ramani ya nchi kavu akazijumlisha bila kurekebisha, amechanganya sakafu na kigoda.

Kuna alama moja zaidi ambayo wengi huipita. Namba ikiwa imepigiwa mstari chini yake, si kina. Ni kimo cha fungu au mwamba unaoibuka maji yakipwa na kuzama yakijaa. Tutaihitaji huko mbele.

Risasi, kamba na mafuta ya mnyama

Kabla ya mashine, kina kilipimwa kwa bildi: kipande cha risasi chenye uzito wa kilo kadhaa, kimefungwa kwenye kamba. Kamba ilitiwa alama ambazo vidole vingezitambua hata gizani. Kwenye pima ya pili palifungwa vipande viwili vya ngozi, kwenye ya tatu vipande vitatu, kwenye ya tano kitambaa cheupe, kwenye ya saba chekundu cha kitu kingine ili mkono usivichanganye, kwenye ya kumi ngozi yenye tundu. Chini ya risasi palikuwa na kishimo kilichojazwa mafuta mazito ya mnyama. Risasi ikigonga chini, mafuta yalinasa kilichopo: mchanga, tope, kokoto, vipande vya kombe. Yakirudi safi, chini ni mwamba. Mpimaji aliandika namba, na kando yake herufi ya alichokikuta, kwa sababu nanga inayoshika kwenye tope huteleza kwenye mwamba.

Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua uko wapi unapopima. Mpimaji ndani ya mashua alitumia sekstanti, chombo cha kupimia pembe, akalenga alama tatu za nchi kavu: kilima, mnara, mti mkubwa ulio peke yake. Pembe mbili kati ya alama hizo tatu zinatosha kumweka mahali pamoja tu kwenye karatasi.

Hapo ndipo delta ya Rufiji, pale mto unapogawanyika kabla ya kuingia baharini, ilipowashinda wengi. Ukiitazama kutoka baharini hakuna kilima wala jiwe. Ni ukuta wa mikoko, kilomita kwa kilomita, vimo vinalingana, rangi moja. Hakuna cha kulenga. Ilibidi kusimamisha milingoti kwenye tope, na tope lile halimwachi mtu atembee. Milango ni mingi: Kikunya, Simba Uranga, Kiomboni, Msala na mingine, na ndani yake vijito vinaachana na kukutana tena. Maji yakipwa, njia iliyokuwa na pima mbili hugeuka uwanja wa matope. Na kulikuwa na homa. Kapteni William Owen wa Uingereza, aliyepima pwani ya Afrika Mashariki kati ya 1821 na 1826 akiwa na meli za Leven na Barracouta, alipoteza mabaharia wengi kwa malaria, kiasi kwamba kazi yake hukumbukwa kwa vifo hivyo kama inavyokumbukwa kwa ramani. Anayezisoma ramani za wakati ule ajue kwamba nafasi nyeupe ndani ya delta mara nyingi ilikuwa na maana moja tu: hakuna aliyefika kupima.

Wapo wanaosema kabla ya Owen pwani hii haikuwa na ramani, na wapo wanaojibu kwamba zilikuwepo tele ila zimeibwa. Kauli zote mbili zinapotosha. Ujuzi wa njia za maji ulikuwepo, tena wa kina, lakini makao yake makuu yalikuwa vichwani mwa manahodha na marubani, yaani waongoza vyombo waliozijua njia za maji, na kwenye mashairi yaliyohifadhiwa kwa moyo. Ahmad ibn Majid, baharia Mwarabu wa karne ya 15, aliandika kwa nathari na kwa mashairi njia za Bahari ya Hindi, ikiwemo njia ya kushuka Sofala, Msumbiji ya leo. Vasco da Gama alipofika Malindi Aprili 1498 hakuvuka kwenda India kwa ramani aliyokuja nayo. Alipewa rubani aliyeijua bahari ile, na mwezi wa Mei alikuwa Calicut. Majahazi yaliyobeba boriti za mikoko kutoka Rufiji kwenda Arabuni na Ghuba yaliingia na kutoka kwenye milango ile kwa ujuzi huohuo. Rubani wa delta alijua kitu ambacho karatasi haikukijua: fungu limehamia wapi baada ya mvua za mwaka huu.

Karatasi nayo ina nguvu ambayo kichwa hakina. Inasafiri. Mtu ambaye hajawahi kuiona pwani hii, akiwa London au Berlin, anaweza kuamua bandari ijengwe wapi. Bagamoyo ndiyo ilikuwa kichwa cha njia ya misafara iliyopita Mpwapwa na Ugogo kwenda Tabora na Ujiji, lakini maji yake ni mafupi na mchanga umetandaa mbali, kwa hiyo stima zilitia nanga huko nje na mizigo ikashushwa kwa mashua. Dar es Salaam ina mlango mwembamba, na ndani yake bandari ya kina iliyojikinga na mawimbi. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia makao makuu yao Dar es Salaam. Reli ya kati ikaanza kujengwa kutoka huko mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910, na Mpwapwa, kituo kikubwa cha misafara, ikaachwa pembeni. Sidhani kama tunatia chumvi tukisema tofauti ya kina kati ya ufuko wa Bagamoyo na bandari ya Dar es Salaam imo ndani ya historia ya mji wetu wa Dodoma.

Manowari iliyojificha mahali ambapo ramani ilikataa

Mfano ulio wazi kuliko yote wa gharama ya ramani iliyopitwa na wakati umetokea Rufiji, mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza.

Wajerumani walikuwa na manowari iitwayo Königsberg, yenye urefu wa mita 115 hivi, na tumbo lake lilizama zaidi ya mita 5 majini. Tarehe 20 Septemba 1914 iliingia Zanzibar alfajiri ikaipiga na kuizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, iliyokuwa imesimama ikitengenezwa. Kisha ikatoweka. Waingereza walipekua pwani nzima, na delta ya Rufiji hawakuitilia maanani tangu mwanzo, kwa sababu ramani zao za zamani zilionyesha milango isiyoweza kupitisha meli ya ukubwa ule.

Wajerumani walikuwa na ramani nyingine. Meli yao ya upimaji, Möwe, ilikuwa imepima delta miaka ya karibuni kabla ya vita na kukuta njia zenye kina cha kutosha kwa anayeingia maji yakijaa. Mto ulikuwa mmoja, bahari ilikuwa moja. Upande mmoja ulisoma vipimo vya zamani, upande wa pili vipimo vipya. Kapteni Max Looff aliingiza manowari yake ndani, akaificha nyuma ya mikoko, na vipande vya mitambo iliyoharibika vikabebwa kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam na kurudishwa.

Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba, lakini kuiona si kuifikia. Manowari zao kubwa hazikuweza kuvuka mafungu ya mlangoni, na mizinga yao haikufika ndani vya kutosha. Novemba walizamisha meli kuukuu ya makaa ya mawe, Newbridge, kwenye mojawapo ya milango ili kuuziba, na milango mingine ikabaki wazi. Ikabidi warudi kwenye kazi ambayo ingefanywa miaka mingi kabla: kupima. Walimtumia mwindaji aliyeifahamu nchi, Pieter Pretorius, akaingia ndani ya delta akichunguza kina cha njia na jinsi maji yanavyopanda na kushuka. Walileta ndege zinazotua majini ili ziangalie kutoka juu. Na waliagiza manowari mbili bapa, Severn na Mersey, zilizojengwa kwa ajili ya mito ya Brazil, ambazo zilizama majini chini ya mita 2. Hizo zilivuka mlango maji yakiwa yamejaa tarehe 6 Julai 1915, zikapigana bila kumaliza kazi, zikarudi tarehe 11. Siku hiyo Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao iliyokwisha kuharibiwa.

Kwa miezi minane na zaidi, meli moja ilishikilia kundi zima la manowari za Uingereza kwa sababu ya namba zilizopitwa na wakati. Vita vyenyewe viliwaletea mateso wapagazi na wanavijiji ambao hawakuwa na ugomvi na yeyote, na mateso hayo yalifika kwetu. Mizinga 10 ya Königsberg ilitolewa majini ikafungwa magurudumu na kukokotwa vitani nchi kavu, na mizinga ya meli hiyo ilinguruma hapa mkoani, kwenye mapigano ya Kondoa ya mwaka 1916.

Kwa nini mdomo wa mto hautulii

Mtu anaweza kuuliza: kwani Waingereza walipima vibaya? Si lazima. Ramani ya ghuba ya mawe inaweza kukaa miaka mia na bado ikafaa. Ramani ya mdomo wa mto unaobeba mchanga inaanza kuzeeka siku inapochapwa.

Mto ukiwa kwenye mteremko una nguvu ya kubeba mchanga na tope. Ukifika tambarare unapungua kasi, ukikutana na bahari unakaribia kusimama. Mchanga mzito unatua kwanza, pale mlangoni, na kujenga fungu. Tope laini lingeelea mbali zaidi, ila chumvi ya bahari inazifanya chembe zake zishikane na kuzama. Mikoko inaota juu ya tope jipya, mizizi yake inanasa tope lingine, na nchi inasogea baharini. Upande wa nje mawimbi yanafanya kinyume: wakati wa kusi yanasukuma mchanga kuelekea kaskazini, wakati wa kaskazi nguvu zinageuka. Halafu yanakuja mafuriko makubwa ya mwaka mmoja, mto unapasua ukingo na kuchagua mlango mwingine. Rufiji imefanya hivyo ndani ya kumbukumbu ya wazee walio hai: katika miaka ya 1970, hasa kwa mafuriko ya 1978, maji mengi yaliyokuwa yakitokea milango ya kusini ya delta yalihamia milango ya kaskazini.

Hili linajibu sehemu ya ubishi niliouanza. Ukiweka ramani ya enzi za ukoloni kando ya picha ya leo, ukaona mlango uliokufa na mwingine uliopanuka, hujathibitisha lolote kuhusu Bwawa la Julius Nyerere. Bwawa lilianza kujazwa Desemba 2022. Mabadiliko makubwa kati ya picha hizo mbili yalitokea miongo minne na zaidi kabla yake.

Wala haimaanishi bwawa halina athari kwa mdomo wa mto. Bwawa lolote kubwa ni mtego wa mchanga: maji yanatulia, mchanga unatua, na yanayotoka chini ya mitambo ni mepesi. Delta inayokosa mchanga wake inaanza kuliwa na mawimbi. Athari hiyo inakuja polepole, na ili kuiona lazima kuwe na vipimo vizuri vya kabla na vya baada, vilivyoanzia sifuri moja. Mimi ningependa kuona nguvu zinazotumika kwenye mabishano zikienda kwenye kudai vipimo hivyo.

Mchanga wenyewe unatoka wapi? Kwa Dodoma maji yanagawanyika njia tatu, na wengi wetu hatujui tuko upande gani. Mto Bubu unaotoka nyanda za Kondoa huishia kwenye mbuga ya Bahi, na kwa kawaida maji yake hutuama na kukauka hukohuko. Kwa hiyo mmomonyoko wa kutisha wa Kondoa, ule uliofanya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, uanzishwe mwaka 1973 na mifugo iondolewe 1979, sehemu kubwa ya udongo wake haikwenda baharini. Mto Kizigo unaotoka magharibi huingia Mtera, ukajiunga na Ruaha Mkuu, na hatimaye Rufiji. Tope la njia hiyo liliwahi kufika hadi mikokoni, lakini tangu bwawa la Kidatu lilipojengwa mwaka 1975 na Mtera kufuatia karibu na 1980, kwa sehemu kubwa linanaswa njiani.

Njia ya tatu ndiyo ningependa tuiangalie zaidi. Kinyasungwe hukusanya maji ya upande wa jiji na Hombolo, ukapita pande za Mpwapwa, Gulwe na Godegode, ukaingia Kilosa kwa jina la Mkondoa, ukaishia kwenye mto Wami unaomwaga maji yake kati ya Bagamoyo na Saadani, mkabala na Zanzibar. Aliyesafiri kwa reli ya zamani anaujua huu mto, kwa sababu ndio uliokata reli mara kwa mara kati ya Gulwe na Kilosa. Wakati wa kiangazi ni uwanja wa mchanga, watoto wanachimba visima ndani yake. Mvua zikinyesha unashuka kwa kishindo, na mkondo hauko ulipokuwa mwaka jana. Mchanga mwingi unabaki njiani, kwenye tambarare za Kilosa, lakini sehemu inafika pwani, na kule inajenga mafungu ambayo wavuvi wa kamba wa Bagamoyo na Saadani wanayakwepa.

Satelaiti haioni kila kitu

Vijana wengi wananiambia mambo ya bildi na ramani za karatasi yamepitwa, kwa kuwa simu ina picha ya dunia nzima. Picha hiyo inaonyesha umbo la ufuko. Kina ni habari nyingine. Mwanga hupenya mita kadhaa, hata 20, kwenye maji maangavu ya miamba ya matumbawe. Kwenye maji ya Rufiji au Wami wakati wa masika, yaliyo na rangi ya chai ya maziwa, haupenyi chochote cha maana. Mpaka leo ni kama robo tu ya sakafu ya bahari zote duniani iliyopimwa kwa viwango vya kisasa.

Chombo kinachofanya kazi mahali penye tope ni mashine ya mwangwi. Inafungwa chini ya boti, inatuma mlio, inahesabu muda mpaka mwangwi urudi. Sauti husafiri majini kama mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo mwangwi uliochukua sehemu mbili za mia za sekunde kwenda na kurudi unatoka kina cha mita 15. Mdomo wa mto unaisumbua hata mashine hii, kwa sababu kasi ya sauti kwenye maji ya chumvi si sawa na kwenye maji baridi, na pale mlangoni maji hayo mawili yanalala tabaka moja juu ya jingine. Mpimaji mzuri hupima kwanza chumvi na joto la maji kabla ya kuamini namba zake. Ni mashine ya namna hiyohiyo inayotumika kwenye bwawa lililoanza kujaa tope, kama Hombolo yetu, ili kujua limebakiwa na nafasi kiasi gani.

Ramani nzuri haikufichi udhaifu wake. Nyingi zina mchoro mdogo pembeni unaoonyesha sehemu gani ilipimwa mwaka gani, na ni jambo la kawaida kukuta kona moja ina vipimo vya mashine za karibuni na kona nyingine bado inategemea bildi ya karne ya 19. Masahihisho hutolewa kila wiki: fungu jipya, boya lililohamishwa, meli iliyozama. Bandari zenyewe hupimwa tena zaidi, kama ilivyofanywa Dar es Salaam wakati gati zilipoongezwa kina hadi mita 14.5. Delta isiyopokea meli kubwa hukaa muda mrefu bila kuguswa.

Fungu la tope na mpaka wa nchi

Limebaki jambo moja ambalo huwa halitajwi kabisa kwenye mijadala hii, nalo ni la sheria. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, na ilitunga sheria yake kuhusu bahari ya taifa na ukanda wa uchumi mwaka 1989. Nchi ina maili 12 za baharini za bahari yake, kama kilomita 22, na hadi maili 200 za haki ya samaki, gesi na vilivyomo. Maili hizo zinaanza kuhesabiwa wapi?

Mkataba unasema kanuni ya kawaida ni mstari wa maji kupwa, kama ulivyochorwa kwenye ramani kubwa za bahari zinazotambuliwa rasmi na nchi husika. Mto unaoingia baharini moja kwa moja unakatiwa mstari ulionyooka mdomoni, kutoka ukingo hadi ukingo. Fungu linaloibuka maji yakipwa, lile ambalo namba yake imepigiwa mstari, likiwa ndani ya maili 12 kutoka bara au kisiwa linaweza kutumika kama mahali pa kuanzia kuhesabu. Fungu ambalo halijapimwa na kuingizwa kwenye ramani halina namna ya kuhesabika, hata kama wavuvi wanapumzika juu yake kila bamvua.

Delta zimepewa kifungu chake katika Ibara ya 7. Pale ambapo pwani ya delta haitulii, na masharti mengine ya ibara hiyo yametimia, nchi inaweza kuchagua ncha za mbali zaidi za maji kupwa na kuziunganisha kwa mistari iliyonyooka. Baadaye bahari ikiila delta na ufuko ukarudi nyuma, mistari hiyo inaendelea kuwa halali mpaka nchi yenyewe iamue kuibadili. Inayonufaika ni nchi iliyopima na kutangaza mistari yake kabla tope halijaondoka.